Mbuzi wa Karatasi, Jani la Kweli

Naandika haya kwa moyo wa shukrani na kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umejaa gundi ya unga wa ngano, na fundi amesema nisiguse kitu mpaka saa tisa. Mwandiko ukiyumba, lawama ziende kwenye gundi.

Mtu aliyelelewa vizuri, akishukuru, huanza na Mungu, kisha wazazi, kisha walimu. Utaratibu huo nimeshautimiza kwa magoti. Hapa kwenye karatasi nitaanza na mbuzi, maana bila yeye muda huu ningekuwa Chekereni, miguu kwenye tope, nikifukuza ndege kwenye mpunga wa baba.

Naitwa Praygod. Nasoma kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huko Mwika, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na migomba ya jirani husoma bure kupitia dirishani. Sisi watoto wa tambarare hufika huku na masweta mawili na bado tukatetemeka. Babu yangu alishuka mlimani zamani kufuata maji ya mfereji na mashamba ya mpunga, akasahau kutuachia mambo mengi ya huku juu. Naomba jambo hilo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Kosa lililonifikisha kwa mbuzi lilikuwa sanamu.

Makamu mkuu wa shule yetu ni Mwalimu Hosea. Wakati wa prepo, yaani masomo ya jioni, hana kawaida ya kuingia darasani. Husimama nje ya dirisha, kimya, na kinachoonekana ni kofia na koti tu. Baada ya utafiti wa kina niligundua kwamba darasa halimwogopi Mwalimu Hosea; linaogopa kofia na koti. Basi mwezi wa tano, alipoondoka siku tatu bila sisi kuambiwa anakwenda wapi, nilitengeneza mwalimu mwingine. Gunia nililijaza majani makavu ya migomba, mpini wa ufagio ukawa uti wa mgongo, koti nikaazima kwa mlinzi, na kofia nikaitoa kwenye msumari mlangoni mwa ofisi ya walimu. Ilikuwa kofia yake ya zamani. Nikamsimamisha dirishani.

Siku mbili darasa letu lilisoma kuliko lilivyowahi kusoma, na hakuna aliyenishukuru kwa hilo. Siku ya tatu siri ikavuja, tukampenda. Tulimwita Hosea wa Pili. Wanafunzi walipanga foleni kumwamkia, nami nikiwa nimejikunyata nyuma yake niliitikia marahaba kwa sauti ya puani na kugawa adhabu. Rafiki yangu Calvin alikuwa ameshahukumiwa kufagia Mlima Kilimanjaro, kuanzia kwenye theluji kushuka chini, ndipo nikashangaa mbona hakuna anayecheka.

Hosea wa Kwanza alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi. Alimwendea mwenzake, akamvua kofia, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaitia kwenye begi, akaondoka. Asubuhi yake, mstarini, mkuu wa shule alitutangazia kwamba Mwalimu Hosea alikuwa amekwenda mji wa Mkuu, Rombo, kumzika kaka yake.

Nimeshachapwa mara kadhaa maishani, nyingine kwa haki. Sikumbuki fimbo iliyouma kama ile kofia ilivyopanguswa.

Barua ikaandikwa. Bodi ya shule ingekaa Jumatatu baada ya jubilei ya miaka hamsini, na jina langu lilikuwa kwenye ajenda. Mkuu wa shule, mama asiyezungusha maneno, aliniambia bodi itafuata neno la Mwalimu Hosea, na neno lake ni kwamba nirudi kwetu moja kwa moja. Nilipopewa simu nimjulishe baba, nilijiandaa kwa mahubiri marefu. Alisema tu, "Jembe lako lipo," akakata.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mkuu wa shule akaamua kwamba kwa kuwa mikono yangu imeonyesha kipaji kwenye uovu, ijaribiwe kwenye wema. Nikapelekwa kumsaidia fundi wa vifaa vya jukwaani, aliyeletwa kwa ajili ya igizo la jubilei.

Fundi huyo ni Bi Mektrida. Karakana yake iko Moshi mjini, nyuma ya duka la mbao, lakini kwa kazi yetu alihamia kwenye ghala la zamani la kahawa pale shuleni, pamoja na magunia mawili ya magazeti, ndoo ya unga na redio isiyozimwa. Ni Mkatoliki wa Mkuu aliyekuja kuifanyia kazi shule ya Walutheri, na alitukumbusha kila siku kwamba anafanya hivyo bila kinyongo. Alianza akiwa msichana, akitengeneza mikuki na kofia za askari wa Kirumi kwa ajili ya Ijumaa Kuu parokiani kwao. Sasa hutengeneza chochote ambacho jukwaa au sherehe inakitaka na haiwezi kukipata: simba wa mahafali, mtumbwi wa kubebwa na mtu mmoja, keki ya ghorofa sita ambayo inayolika ni ghorofa moja. Hoteli moja aliitengenezea mlima mzima kwa magodoro, akauwekea barafu ya pamba, kwa ajili ya watu ambao barafu yenyewe wanaiona dirishani.

Siku ya kwanza nilimkuta akimzunguka Hosea wa Pili, aliyekuwa ameletwa pale kama kielelezo cha kesi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunitazama. Nilisubiri acheke, maana karibu watu wote hucheka, au anigombeze, maana waliobaki hugombeza.

"Bega," akasema.

"Bega gani, Fundi?"

"Mwalimu Hosea bega lake la kushoto liko chini. Huyu wako mabega yamenyooka kama boriti. Miaka mitatu uko naye, hujaliona?" Akachomoa jani la mgomba lililokuwa linachungulia shingoni mwa sanamu. "Hukumtazama huyu mtu. Ulimcheka tu. Kazi hii haianzi na kucheka, mwanangu."

Nilikuwa na majibu matano. Niliyaacha, nikalikandamiza bega la kushoto la sanamu mpaka likashuka.

Alinipa kazi ya kuchana magazeti. Nilichana kwa siku nne, mpaka nikawa najua habari za nchi hii kwa vipande vipande. Siku ya tano akaniita mezani, kwenye waya uliokunjwakunjwa, akasema huyo ni mbuzi na mimi nitamvisha nyama.

Igizo letu lilimalizikia kwenye harusi, na harusi ya huku haina heshima bila ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, anayeingizwa mbele ya watu amelala kifalme, majani mdomoni. Ndafu wa kweli asingeweza kufanya mazoezi mara kumi na mbili. Baada ya zoezi la kwanza angebaki mifupa. Kwa hiyo tulimvisha waya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha kitambaa chembamba kilichokunjamana kama ngozi iliyoshikwa na moto. Rangi ilikuwa kahawa iliyokolezwa na dawa ya viatu. Juu yake tukapaka vanishi, mafuta yakaonekana yanachuruzika. Kila kiungo kilishikizwa kwa ndoano ndogo ya waya, ili mkataji akigusa kwa kisu cha mbao kitoke chenyewe.

Nilimuuliza kwa nini tusimtengeneze mbuzi wa kutazamwa kwa mbali tu, yaishe. Bi Mektrida akaniambia kwamba watazamaji wetu watakuwa wazee wa Mwika. Ukiwaonyesha wazee hao simba mwenye miguu mitano watapiga makofi. Ukikosea mbuzi wataondoka. Akanituma kwenye vihamba vya jirani, yale makazi yaliyo ndani ya migomba, nikaulize kipande gani kinatolewa kwanza na nani anapewa kipi, kwa sababu Rombo hawagawi kama Mwika, wala ukoo huu haugawi kama ule. Nilikwenda kwa wazee watatu nikarudi na majibu manne. Jibu la nne lilitolewa na mke wa mzee wa tatu, kutoka jikoni, bila kuulizwa, na ndilo tulilolifuata.

Hapa sina budi kukiri. Mbuzi alipoanza kung'aa, Calvin alikuja kuchungulia, akaninong'oneza kwamba siku ya jubilei kutakuwa na ndafu wa kweli kwa ajili ya chakula cha wageni, na kwamba mtu mwenye akili anaweza kuwabadilisha. Akilini tulimwona mwenyekiti wa bodi, Mzee Sifael, akikata paja la gazeti la michezo mbele ya mgeni rasmi. Nilichora hata ramani. Nilijisemea kwamba mtu anayefukuzwa anapaswa kufukuzwa kwa jambo la maana.

Kilichoniharibia mpango ni macho. Bi Mektrida alinisukumia kichwa cha mbuzi, akasema, "Macho utaweka wewe," akaenda zake sokoni. Nilikaa nacho siku nzima. Nilijaribu vifungo vya shati, nikajaribu kokwa, mwishowe nikapata vipande vya chupa ya kahawia nikavisugua kwenye jiwe mpaka vikawa na ule usingizi wa mbuzi aliyekwisha kubaliana na mambo. Aliporudi alikiinua kichwa kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Huyu anaona," akasema.

Kisha akachukua kalamu, akampindua mbuzi, na tumboni, mahali ambapo huandika jina lake, akaandika majina mawili. La pili lilikuwa langu. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa sehemu nyingi hapo shuleni, zote za ofisini. Jioni hiyo nilichoma ile ramani chini ya sufuria ya gundi.

Jioni hiyo hiyo nikamuuliza amejuaje habari za bega la Mwalimu Hosea. Akaendelea kukoroga, akaniambia wametoka kijiji kimoja. Mama yake Hosea alikuwa na ng'ombe wawili, na kila alfajiri wanawe walipeleka maziwa Mkuu, mti mmoja mabegani mwao, ndoo inaning'inia katikati. Kaka alikuwa mrefu, akikaa nyuma. Hosea mfupi, mbele. Mti uliinama, ndoo ikawa inateleza kuelekea kwake. Kaka aliishika kwa mkono kuirudisha, njia nzima, lakini haikukubali. Miaka sita walikwenda hivyo, na ada ya shule ya Hosea ikatoka kwenye maziwa hayo. Kaka yeye hakusoma.

"Ndiye tuliyemzika mwezi wa tano," akasema. "Lete mwiko."

Nilileta mwiko. Nikakoroga badala yake mpaka gundi ikaiva, kisha nikaenda kulala bila kumtania mtu, jambo ambalo bweni zima lilishuku ni malaria.

Siku moja kabla ya jubilei mbuzi alikamilika, isipokuwa mdomo. Bi Mektrida ana kanuni yake: katikati ya vitu kumi vya uongo weka kimoja cha kweli, jicho litashika hicho na kuvisamehe vingine. Alitaka majani mabichi kabisa. Nikatoka nje, na kwenye mpaka wa kihamba cha jirani nikaona mmea wenye majani marefu, ya kijani kuliko vyote. Nikakata ncha yake, nikaipachika mdomoni. Bi Mektrida alitazama, akaniuliza kama najua hilo ni jani gani.

"La kijani, Fundi."

Akanitazama muda mrefu kidogo. Alinituma nikaokote mawe ya kuweka chini ya mbuzi kwenye sinia la mbao, kwa sababu mbuzi wa karatasi ana uzito wa kuku, na wabebaji wasipolemewa kweli hutembea kama wamebeba mto wa kulalia. Niliporudi na mawe alikuwa ameshamfunika mbuzi kwa kitambaa cheupe. Tukambeba hadi stoo ya jikoni, chumba pekee kisichovuja.

Jumamosi yenyewe uwanja ulijaa tangu saa tatu. Wazee walikuja na makoti ya Krismasi, mkuu wa shule akavaa kilemba, na Mzee Sifael, mwenyekiti wa bodi, akakaa kiti cha mbele karibu na mgeni rasmi, mikono juu ya bakora. Kwaya ikaimba, hotuba zikatolewa, igizo likaanza. Mimi nilikuwa ubavuni mwa jukwaa, mkono kwenye kamba ya pazia, na Bi Mektrida ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kapu lake la vifaa mapajani. Calvin alikuwa bwana harusi. Baba wa bibi harusi, kwa kuwa jubilei iliwachanganya walimu na wanafunzi, alikuwa Mwalimu Hosea.

Vijana wanne wakaingia na sinia. Walilemewa vizuri sana, nikajisifu moyoni kwa mawe yangu. Kitambaa kikafunuliwa. Kisha harufu ikanifikia.

Mbuzi wa karatasi hanukii. Ananukia dawa ya viatu, kama ananukia. Huyu alinukia moshi, chumvi na limau, na mdomoni alikuwa na kishada cha giligilani. Nikamgeukia Bi Mektrida. Naye alikuwa ameshainua pua.

"Si mimi," nikanong'ona. Ni maneno ambayo nimeyatumia sana maishani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa ya kweli.

Jukwaani Mwalimu Hosea alikuwa ameshika kisu chetu cha mbao kilichopakwa rangi ya fedha. Akagusa kidari, kama tulivyofanya mazoezi. Kidari hakikutoka. Akagusa tena. Akakandamiza; kisu kikapinda. Ndipo akageuza kichwa taratibu kuelekea niliposimama, na katika jicho lile niliona bodi, Jumatatu, na mpunga wote wa Chekereni.

Bi Mektrida akatia mkono kapuni, akatoa kisu chake cha kukatia maboksi, akanipa pamoja na khanga yake. Nikaelewa: niingie kama mtu wa hiyo harusi. Nikajifunga khanga, nikaingia jukwaani mbele ya watu mia sita, nikapiga goti.

"Baba," nikasema, "umesahau kisu chako."

Alikipokea. Kisha akakata. Alikata kwa utaratibu ule ule wa mke wa mzee wa tatu, kila kipande kwa mwenyewe, na waigizaji, ambao walikuwa hawajanywa hata chai, walipokea kwa hisia ambazo hatukuwahi kuziona mazoezini. Wazee walisimama kupiga makofi. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba watoto wa siku hizi wanajua, wameigiza mpaka harufu.

Ndipo akili ikanirudia. Ikiwa ndafu wa kweli yuko hapa, wa karatasi yuko wapi?

Nilitoka mbio. Kwenye turubai la wageni meza ilikuwa imeshatandikwa, na katikati yake, kati ya vyungu vya pombe ya mbege na sahani za maua, alilala mbuzi wetu akinitazama kwa macho ya chupa. Mama Eliona, mpishi mkuu, alikuwa anampepea nzi. Aliniambia kwa fahari kwamba alifunua vitambaa vyote viwili stoo, akampeleka kwa mgeni rasmi yule aliyeiva vizuri zaidi, yule mwingine akawaachia waigizaji.

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na sikuwa na nafasi ya kuifurahia. Nilikumbatia sinia nikalivuta. Mawe yakagonga. Nyuma yangu mtu akaita jina langu, si kwa sauti kubwa.

Mwalimu Hosea alikuwa bado amevaa joho la igizo. Nyuma yake Mzee Sifael, na nyuma yake wageni wakija wakisogoa. Picha ilikuwa kamili: mbuzi wa uongo mezani, mtuhumiwa ameshika sinia. Mama Eliona alianza kueleza, lakini Mwalimu Hosea hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama mdomo wa mbuzi.

Jani langu la kijani lilikuwa pale pale. Ila nilikuwa nimeliweka limenyooka, na sasa lilikuwa limefungwa fundo.

Turubai likanyamaza kuanzia kwa wazee. Mzee Sifael alivua kofia. Mtoto wa tambarare nilikuwa peke yangu pale nisiyeelewa, na Mama Eliona akanisaidia kwa kuninong'oneza sikioni: hilo ni isale, na isale likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni kumwomba msamaha, na huku mlimani hakuna anayelikataa akabaki na amani.

"Nani amelifunga?" Mwalimu Hosea akauliza.

Nitasema ukweli kuhusu dakika hiyo, kwa kuwa sina mwingi wa kugawa. Neno moja tu lilihitajika. Ningesema "mimi," mambo yangekwisha. Hata bodi isingethubutu kulirudisha isale. Nilikuwa na neno hilo kwenye ulimi, limeshalainika. Lakini yule mbuzi alikuwa ananitazama, na tumboni mwake kulikuwa na majina mawili.

"Jani niliweka mimi, Mwalimu," nikasema. "Nililiweka kwa sababu ni la kijani. Sikujua maana yake. Fundo sikufunga."

"Fundo nimefunga mimi," akasema Bi Mektrida, aliyekuwa amefika akihema, kapu mkononi. "Nilitaka ulikute jukwaani, Hosea, ukiwa umevaa joho la baba wa watu. Hao wapishi wamelipitisha njia nyingine."

"Dada Mektrida, isale haliombewi na jirani."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kusikia mwenyewe anasemaje."

Wote wakanigeukia. Nina hotuba za kila aina: ya kuchelewa, ya kupoteza daftari, ya kuumwa tumbo siku ya mtihani. Nikaziacha zote, nikapiga goti.

"Mwalimu," nikasema, "nilikutengeneza mabega sawa. Sikuwahi kukutazama, nilikucheka tu. Sasa najua lile la kushoto limeshuka kwa nini, na najua tulikuwa tunacheka siku gani. Naomba unisamehe. Kama ni kwenda Chekereni nitakwenda, lakini naomba unisamehe kwanza."

Mkono wake wa kulia ulipanda ukashika bega la kushoto, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo. Kisha akainama, akalitoa lile isale mdomoni mwa mbuzi, akalitia kwenye mfuko wa shati, ndani ya joho.

"Nimelipokea," akasema. "Simama, unachafua khanga ya watu."

Mzee Sifael akarudisha kofia kichwani, akamgonga mbuzi ubavuni kwa bakora. Ukatoka mlio wa boksi. Akaguna, akauliza kama sasa huyu tunamla au tunamwombea, maana yeye ametoka nyumbani tangu saa kumi na mbili. Calvin na wenzake wakatumwa kuleta kilichobaki cha yule wa jukwaani. Kilichobaki hakikuwa kingi. Waigizaji walikuwa wamezama sana kwenye uhusika. Wageni wakala ndizi na nyama ya ng'ombe, na hakuna aliyelalamika. Wazee walikuwa na shughuli ya kumkagua mbuzi wa karatasi kiungo kwa kiungo, wakivitoa kwenye ndoano na kuvirudisha. Mzee wa tatu alithibitisha mbele ya wote kwamba mpangilio ni sahihi kabisa, na kwamba ni yeye aliyeutoa. Mkewe alitazama pembeni.

Jumatatu bodi ilikaa dakika chache kwenye jina langu. Mwalimu Hosea alisema neno lake, likaandikwa: nisifukuzwe. Adhabu ilibaki: kila Jumamosi, mpaka nimalize kidato cha nne, nitumike karakanani kwa Bi Mektrida. Niliipokea kwa uso wa majonzi makubwa, nikihofia wasije wakagundua. Nilipompigia baba, akasema basi jembe atampa mdogo wangu. Nadhani alikuwa anafurahi.

Mbuzi sasa ananing'inia kwenye boriti ya karakana hapa mjini. Ameshaingia kwenye harusi mbili za maigizo na tangazo moja la benki. Kila nikimshusha nampindua kwanza kuangalia kama jina langu bado lipo.

Na gundi iliyonikaukia mkononi leo ni ya ndoo. Mwalimu Hosea ameandika igizo fupi kwa ajili ya kidato cha kwanza, la ndugu wawili wanaopeleka maziwa sokoni, na asubuhi alishuka mwenyewe mjini kuja kuangalia kifaa chake. Sharti lake lilikuwa moja: ndoo ionekane nzito. Nimeitengeneza kwa magazeti na rangi ya bati, na mti ni mwanzi uliopakwa rangi ya mti. Bi Mektrida akazima redio, jambo ambalo si dogo, akasema tujaribu.

Mwalimu akakaa mbele. Mimi, kwa kuwa nimemzidi urefu, nikakaa nyuma. Tukauinua mti mabegani, ndoo ikaanza kuteleza kuelekea kwake, nami nikanyoosha mkono wenye gundi nikaishika kuirudisha. Mkono ukaganda pale pale.

"Rudi nyuma kidogo," akasema bila kugeuka. "Hapo. Alikuwa anakaa hapo."

Ndoo ilikuwa ya karatasi, tupu kabisa. Nikaona bega lake la kushoto linashuka, taratibu, na tukatembea hivyo kuizunguka karakana.